Nicholas Kove: Mkimbizi aliyeiweka manowari juu ya meza ya mtoto

JUU ya meza iliyotandikwa gazeti kuukuu, vimelala vipande vya plastiki ya kijivu vilivyoshikana kwenye fremu moja. Viko viwili virefu na vyembamba, vilivyochongoka upande mmoja. Hizo ndizo mbavu za meli. Viko vya mviringo. Hizo ni dohani. Viko pia vidogo kuliko punje ya mchele, na hiyo ni mizinga. Kando yake pana kisu kikali, brashi nyembamba, kichupa cha rangi na gundi. Baada ya jioni mbili tatu za subira, vipande hivyo hugeuka kuwa manowari ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, iliyo na urefu wa penseli mpya.

Hivyo ndivyo watoto na watu wazima wa mataifa mengi walivyozipitisha jioni zao tangu miaka ya 1950. Wengi wao walilijua vyema jina la Airfix, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza modeli hizo. Waliomjua mwasisi wake, Nicholas Kove, walikuwa wachache mno, kwani jina lake halikuandikwa kwenye pakiti.

Cha ajabu ni kwamba mtu huyo hakuwa baharia, hakuwa mpenzi wa modeli, wala hakuwa mzaliwa wa Uingereza. Alikuwa mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Hungary, aliyefukuzwa na vita na siasa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa muda wa miaka ishirini. Fauka ya hayo, bidhaa zilizokuja kumpa nafasi katika historia ndizo hasa alizozipinga zilipopendekezwa kwake.

Kisa chake ni cha mja aliyejua kuanza upya kila alipopoteza kila kitu, na aliyebahatika kuzungukwa na watu walioweza kumbishia.

Mwana wa Hungary

Kove alizaliwa mwaka wa 1891 nchini Hungary, enzi ambapo nchi hiyo ilikuwa sehemu ya milki kubwa ya Austria na Hungary. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Miklós Klein. Katika lugha ya Kijerumani, neno klein lina maana ya mdogo. Jina hilo alikuja kuliacha, ingawa vitu vidogo ndivyo vilivyomkweza.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, vijana wa milki hiyo waliitwa jeshini. Klein alikuwa miongoni mwao. Katika mapambano dhidi ya Warusi alikamatwa mateka na kupelekwa Siberia, kule mashariki ya mbali ambako baridi ya kipupwe huua upesi kama risasi. Wanajeshi wengi wa milki hiyo walioangukia mikononi mwa Warusi hawakurudi makwao tena. Inasimuliwa kwamba yeye alitoroka kambini na kurejea Hungary kwa safari ndefu, sehemu kubwa akiikata kwa miguu.

Alikoponea hakukuwa na utulivu. Milki ilikuwa imesambaratika na njaa imetamalaki mijini. Mnamo Machi 1919, Wakomunisti wakiongozwa na Béla Kun walitwaa hatamu za uongozi mjini Budapest. Klein alishika wadhifa katika utawala huo. Haukudumu. Baada ya siku 133 tu serikali ya Kun ilianguka, na waliochukua nafasi yake wakaanza kuwasaka na kuwaadhibu wafuasi wake. Wayahudi nao waliandamwa, awe mtu alikuwa Mkomunisti au la.

Kwa kijana aliyekuwa Myahudi na wakati uo huo alikuwa ameitumikia serikali iliyoangushwa, kubaki kulikuwa sawa na kuingoja sumu kwenye kikombe. Aliihama nchi yake.

Kutoka bandari hadi bandari

Katika miaka ya 1920, Kove alikuwa Barcelona, mji wa bandari nchini Uhispania. Huko ndiko alikoingia katika biashara ya plastiki. Wakati huo plastiki ilikuwa kitu kigeni kwa watu wengi. Bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotokana na kemikali tupu, ilikuwa imevumbuliwa mwaka wa 1907, na wenye viwanda walikuwa bado wanajiuliza ingeweza kufaa nini zaidi ya vifaa vya umeme na vishikio vya vyombo. Kwa mhamiaji asiye na shamba wala ukoo wa kumshika mkono, biashara ambayo hata wenyeji hawajaizoea ilikuwa na heri yake: wote walianza wakiwa sawa.

Hata huko hakutulia daima. Katika miaka ya 1930 alikuwa mjini Milan, Italia, na akabuni mbinu ya kuimarisha kola za mashati ili zisilegee. Mbinu hiyo aliiita Interfix. Huenda kola ya shati ikaonekana kuwa jambo dogo la kumpotezea mtu usingizi, lakini zama hizo mwanamume wa mjini hakuthubutu kwenda ofisini akiwa na kola iliyopinda.

Ndipo siasa ikamfuata tena. Mwaka wa 1938, serikali ya Benito Mussolini, ikimuiga mshirika wake wa Ujerumani, ilipitisha sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Watoto wao walifukuzwa shuleni, walimu na watumishi wa umma wakaachishwa kazi, na Wayahudi waliotoka nchi za nje wakaamriwa kuondoka. Kove alifunganya kwa mara nyingine. Alifika London mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 47, umri ambao wengi huanza kuhesabu akiba ya uzeeni.

Ili kuipima thamani ya hatua hiyo, inafaa kukumbuka yaliyotendeka kwao baadaye. Kati ya Mei na Julai 1944, zaidi ya Wayahudi 430,000 walisombwa kwa magari-moshi kutoka Hungary hadi kambi ya Auschwitz, na wengi wao waliuawa siku ile ile walipofika.

Jina la kutangulia

Airfix ilianzishwa mwaka wa 1939. Kove alitaka jina lianze kwa herufi A ili kampuni itangulie katika orodha za wafanyabiashara, na alipenda mwisho wa fix aliokuwa ameutumia kule Milan. Neno air, yaani hewa, lilifaa pia, kwa sababu bidhaa zake za kwanza zilikuwa vinyago vya mpira vilivyojazwa hewa.

Vita Vikuu vya Pili vilizuka mwaka huo huo. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani waliiteka Malaya, nchi iliyokuwa chemchemi kuu ya mpira wa Uingereza. Vinyago vya mpira vikawa anasa isiyowezekana. Mnamo Desemba 1941, Uingereza ilikuwa imetangaza vita dhidi ya Hungary pia, na hivyo nchi aliyozaliwa Kove ikahesabiwa kuwa adui wa nchi iliyompa hifadhi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kove aliigeukia plastiki, kazi aliyoijua tangu Barcelona. Vita vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu, hata vitana vya nywele. Mwaka wa 1947, Airfix ilianza kutumia mashine za kuyeyusha plastiki na kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Bidhaa ya kwanza ya mashine hizo ilikuwa kitana cha mfukoni.

Mtu aliyekuwa akijichana nywele kwa kitana hicho hakuweza kujua kwamba mbinu iliyokizaa ndiyo ambayo, miaka michache baadaye, ingezaa meli na ndege. Namna ya kufanya kazi ni ile ile: punje za plastiki huyeyushwa kwa moto, hushindiliwa ndani ya uwazi wenye umbo linalotakiwa, hupozwa, kisha kalibu hufunguliwa na kitu hutoka kimekamilika. Kutengeneza kalibu hugharimu fedha nyingi na wiki nyingi za mafundi stadi. Ikishapatikana, kila nakala inayofuata hugharimu kiasi kidogo sana. Kwa hiyo mwenye kiwanda ni lazima auze vitu vingi, tena vya namna moja. Somo hilo ndilo lililokuja kumtia Kove wasiwasi kila alipoletewa wazo jipya.

Trekta lililofungua njia

Mwaka wa 1949, kampuni ya matrekta ya Ferguson ilitaka modeli ndogo ya trekta lake mashuhuri la TE20, ili mawakala wake wawaonyeshe wateja. Kazi hiyo ilipewa Airfix. Modeli zilitengenezwa kwa selulosi asetati, plastiki iliyokuwa na tabia ya kujipinda kadiri siku zilivyopita. Wafanyakazi waliziunganisha kwa mikono, kipande kwa kipande.

Kazi hiyo ya mikono ilikuwa ghali na ya kuchosha. Ili kupunguza gharama na kuongeza mauzo, vipande vilianza kuuzwa vikiwa havijaunganishwa, katika maduka ya Woolworth yaliyotapakaa miji mingi ya Uingereza. Mnunuzi alitakiwa ajiungie mwenyewe.

Hapo pana jambo la kutafakari. Burudani iliyokuja kuwashughulisha watu kwa vizazi kadhaa haikubuniwa na mtu aliyekaa akiwaza kuhusu furaha ya watoto. Ilizaliwa na hesabu za kiwandani. Kazi ambayo tajiri aliikwepa kwa sababu ya ujira, mnunuzi aliilipia apate kuifanya, na akafurahi.

Merikebu ya shilingi mbili

Woolworth ndiyo iliyoleta wazo la meli. Mnunuzi wa maduka hayo alipendekeza Airfix itengeneze modeli ndogo ya Golden Hind, merikebu ambayo Francis Drake aliizungushia dunia kati ya 1577 na 1580. Masharti yalikuwa magumu: modeli iuzwe kwa shilingi 2 tu za Kiingereza, fedha ambayo mtoto aliweza kuiweka akiba.

Wakuu wa kampuni walipata njia. Badala ya selulosi asetati walitumia polistaireni, plastiki isiyojipinda na inayoshikana vyema kwa gundi. Badala ya sanduku la kadibodi walitumia mfuko wa plastiki, uliofungwa juu kwa karatasi iliyokunjwa, na maelezo ya kuunganisha yakachapishwa kwenye karatasi hiyo hiyo. Kwa jinsi hiyo hakuna senti iliyopotea. Golden Hind iliingia madukani mwaka wa 1952 na kununuliwa kwa wingi kiasi kwamba Woolworth ilirudi kuomba modeli nyingine.

Kove mwenyewe hakushangilia. Alikuwa mtu wa kuhesabu kila peni, mwepesi wa hasira na mzito wa kuamini. Kwake, kila kalibu mpya ilikuwa kamari. Biashara ya vitana ilieleweka, kwa kuwa nywele huota kila siku. Lakini ni nani angeweza kuapa kwamba mtoto aliyenunua merikebu moja angetaka ya pili?

Katikati ya miaka ya 1950, wasaidizi wake walitengeneza modeli ya Spitfire, ndege ya kivita iliyowapa Waingereza fahari kubwa mwaka wa 1940. Kove alipoijua habari hiyo alighadhibika. Hakuamini kwamba ingeuzika, na alitishia kuwatoza waliohusika gharama ya kalibu. Ndege hiyo ikawa miongoni mwa bidhaa zilizopendwa kuliko zote katika historia ya kampuni, na ilikuwa katika kipimo cha 1:72, ambacho watengenezaji wengine wa ndege za plastiki walikitumia pia.

Ni rahisi kumcheka kwa kosa hilo. Lakini mtu aliyekwisha kuziacha nyuma nyumba, akiba na marafiki katika miji ya Budapest, Barcelona na Milan ana sababu ya kuiogopa hasara kuliko aliyezaliwa na kukulia mtaa mmoja. Ubahili wake ulikuwa kovu. La kumsifu ni kwamba, licha ya vitisho vyake, hakuwafukuza waliombishia. Miongoni mwao walikuwa John Gray, aliyezisimamia shughuli za modeli, na Ralph Ehrmann, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kampuni baada yake. Hao ndio walioona mbali zaidi ya kitana.

Nicholas Kove aliaga dunia mwaka wa 1958, akiwa na umri wa takriban miaka 67. Aliiacha kampuni ikiwa ndiyo kwanza inaanza kupaa.

Destroya zaingia mezani

Miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea ukingoni na ya 1960 kuingia, Airfix ilitoa mfululizo wa manowari katika kipimo cha 1:600. Maana yake ni kwamba kila meta 6 za meli halisi hugeuka sentimita 1 kwenye modeli. Baharia mrefu wa meta 1.8 hubaki na milimita 3 tu.

Manowari kubwa zilikuwamo, lakini wapenzi wengi walianza na zile nyembamba na zenye kasi ambazo wanamaji huziita destroya. Kazi ya destroya ilikuwa kuilinda misafara ya meli za mizigo na za abiria, kuzisaka nyambizi, na kurusha topido. Hazikuwa na ngao nene ya chuma kama manowari kubwa. Ulinzi wao ulikuwa mbio zao na ushupavu wa mabaharia wake.

Modeli mojawapo ilikuwa ya HMS Cossack, yenye meta 115 ikiwa baharini na sentimita 19 ikiwa mezani. Meli hiyo ilijipatia sifa tarehe 16 Februari 1940, ilipoingia kwenye ghuba nyembamba ya Jøssingfjord nchini Norwe na kuivamia meli ya Wajerumani iliyoitwa Altmark. Ndani yake walikuwamo mabaharia 299 waliotekwa kutoka meli za biashara zilizozamishwa, na wote wakaokolewa. Lakini Oktoba 1941 Cossack ilipigwa topido magharibi mwa Gibraltar, na siku chache baadaye ikazama. Watu 159 waliangamia.

Cossack ilikuwa moja ya destroya 16 za jeshi la majini la Uingereza zilizobandikwa majina ya makabila na mataifa ya watu. Sita kati yake zilibeba majina ya Kiafrika: Ashanti, Mashona, Matabele, Nubian, Somali na Zulu. Vita vilipokwisha, 12 kati ya hizo 16 zilikuwa zimezama. Mtoto anayeibandika dohani ya modeli kama hiyo hushika mikononi mwake kitu ambacho, katika ukubwa wake halisi, kilikuwa kaburi la wengi.

Nyingine ilikuwa HMS Campbeltown, destroya kuukuu ya Marekani iliyokabidhiwa Uingereza mwaka wa 1940. Dohani zake mbili kati ya nne ziliondolewa ili ifanane na meli ya Kijerumani. Ilijazwa baruti, na usiku wa kuamkia tarehe 28 Machi 1942 iligongeshwa kwenye lango la gudi kubwa la Saint-Nazaire, Ufaransa. Saa kadhaa baadaye ililipuka, na gudi hilo halikutumika tena hadi vita vilipomalizika.

Subira ya fundi

Anayedhani kwamba kazi hii ni mchezo wa kitoto na aijaribu. Kwanza, kila kipande hukatwa kwa kisu kutoka kwenye fremu yake, kisha alama ya mkato husuguliwa kwa msasa laini. Mbavu mbili za meli huunganishwa na kufungwa kwa uzi au ukanda hadi zikauke. Gundi ya polistaireni haigandishi tu kama gundi ya karatasi. Huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki zikawa kitu kimoja. Tone likizidi, huacha kovu lisilofutika kwenye sitaha.

Rangi ina elimu yake. Destroya nyingi zilipakwa kijivu, au mabaka ya rangi mbalimbali yaliyokusudiwa kumpumbaza mtazamaji aliye ndani ya nyambizi asijue meli inaelekea wapi. Fundi mzuri hutafuta picha za kale ili ajue meli fulani ilivaa mabaka gani mwaka gani.

Kisha huja nyaya za mlingotini. Hakuna uzi wa dukani ulio mwembamba vya kutosha kwa kipimo cha 1:600. Mafundi walivumbua njia yao: huchukua kijiti kilichobaki kwenye fremu, hukipitisha juu ya mwali wa mshumaa hadi kilainike, kisha hukivuta taratibu pande mbili. Kijiti hurefuka kikawa chembamba kama unywele. Hata taka ya kiwandani hupata kazi yake. Kove, aliyeichukia hasara, pengine angelifurahia jambo hilo kuliko modeli yenyewe.

Kilindini na Khedive Ismail

Kwetu Kenya, destroya za vita hivyo si hadithi ya ng'ambo tu. Mwaka wa 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, kundi la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi lilihamishia kituo chake katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Wakazi wa kisiwa hicho waliziona meli hizo za kijivu zikiingia na kutoka.

Februari 1944, msafara wa meli uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Mmojawapo wa vyombo hivyo, Khedive Ismail, ulibeba mamia ya wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na mabaharia, wauguzi na watumishi wengine. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido. Ilizama kwa muda wa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa kikosi hicho.

Destroya mbili zilizokuwa zikiulinda msafara, HMS Petard na HMS Paladin, ziliikabili nyambizi hiyo na hatimaye kuizamisha. Mabomu ya kuilipua yalitupwa majini ilhali manusura walikuwa bado wanaelea hapo. Huo ni uamuzi ambao hakuna maelezo ya kuunganisha modeli yanayoweza kuueleza. Vijana wa Afrika Mashariki waliolala chini ya bahari ile hawana kaburi la kuzuriwa na jamaa zao.

Wako wanaolalamika kwamba modeli za kivita huwafanya watoto waone vita kuwa mchezo. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Modeli haina moshi, haina kilio, wala haina mafuta yanayowaka juu ya maji. Hata hivyo, ni vigumu kuiunga meli kwa jioni kadhaa bila ya kuuliza ilikwenda wapi na iliishaje. Wengi waliokuja kuisoma historia ya bahari kwa bidii walianza na swali hilo, wakiwa na gundi vidoleni.

Baada ya mwasisi

Airfix ilistawi sana katika miaka ya 1960 na 1970. Mwaka wa 1981 ilifilisika. Kalibu zake za chuma ziliuzwa na kupita katika mikono ya kampuni kadhaa, hadi mwaka wa 2006 jina na mali zake ziliponunuliwa na Hornby, kampuni ya Uingereza inayojulikana kwa magari-moshi ya kuchezea. Kwa namna fulani, kalibu hizo zilirithi majaliwa ya mwasisi: zilihamahama, lakini kila zilikofikishwa ziliendelea kufanya kazi.

Tukiyapima maisha ya Nicholas Kove, hatuwezi kumwita mvumbuzi wa modeli za plastiki, kwani wengine walikuwa wamekwisha kuzitengeneza. Hatuwezi pia kumwita mtu aliyeona mbali, maana alizikataa bidhaa zake bora kabisa. Alichokuwa nacho ni kiwanda alichokijenga kutokana na si kitu, katika nchi ambayo si yake, akiwa na umri ambao wengi hukata tamaa.

Laiti mlango wa London ungelifungwa usoni pake mwaka wa 1938, pengine jina lake lingeishia katika orodha ndefu ya waliopotea. Mlango ulifunguliwa. Mgeni yule akawapa watoto wa wenyeji wake njia ya kuzikumbuka meli zilizowalinda baba zao, kwa bei ya shilingi mbili.